Dharura Ikitokea Usiku: Nani Aitwe, Nani Awajibike

Mama mjamzito akianza kutokwa damu usiku wa manane huko Ushetu au Nyang'hwale, usipoteze muda kutafuta nauli. Piga 115. Simu hiyo ni bure, na usafiri wenyewe hulipiwa kupitia mfumo wa M-Mama. Mfumo huu ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua upanuzi wake wa kitaifa, Aprili 2022.

Anayepokea simu atakuuliza hali ya mgonjwa na mahali mlipo. Taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana: shule, mnada, karasha. Kisha atatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au halipo, ataita dereva wa jamii, yaani mwenye gari wa eneo lenu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Dereva akishamfikisha mgonjwa, kituo kinathibitisha, naye analipwa kwa simu. Kwa hiyo dereva huyo hapaswi kuwadai nauli. Akidai, mpeni taarifa mganga mkuu wa wilaya.

Huduma hii ni ya wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, mtoto kushindwa kunyonya: hayo yote ni ya kupigia simu papo hapo. Tunawasihi akina baba na mama wakwe msisubiri kikao cha ukoo.

Wizara ya Afya hutoa miongozo ya huduma za dharura. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya huendeshwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Gari la wagonjwa likikaa bovu kwa miezi, swali hilo ni la diwani na mkurugenzi wenu, na mna haki ya kuliuliza kwenye mkutano wa kijiji.

Machimboni mambo ni mengine. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likititia, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112, polisi, kisha mjulishe ofisa wa Tume ya Madini. Msikate tamaa mapema. Nyarugusu, mkoani Geita, wachimbaji 15 waliofukiwa Januari 2017 walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi.

Lakini msishuke kumfuata mwenzenu bila vifaa. Hewa chafu iliyomwangusha yeye itawaangusha na ninyi, na ndivyo msiba wa mtu mmoja unavyogeuka kuwa wa watu watatu. Mwenye duara aandike majina ya wote wanaoshuka na wanaopanda, kila zamu, na daftari libaki juu.