Niliyojifunza Nikiwa Mono

Nilisoma shule ya bweni ya wavulana nchini Kenya miaka ya tisini, wakati mwanafunzi wa kidato cha kwanza hakuwa na jina. Aliitwa mono, na mono alikuwa mali ya bweni zima.

1. Mateso huanza kwa mzaha. Unaambiwa upime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, upulize balbu hadi izime, umpigie mama simu kwa kiatu. Wote wanacheka, nawe unacheka. Kesho yake sukari yako imehama sanduku; keshokutwa ni kofi. Mwonevu anakupima kwanza, akiona huna wa kukuulizia anasonga mbele.

2. Usitembee peke yako. Tulioga kwa kundi, tukateka maji kwa kundi, tukatoka prepu kwa kundi. Mwenye mkanda mkononi hapendi mashahidi.

3. Ngumi? Aliyerudisha ngumi ndiye aliyefukuzwa shule.

4. Kisasi humeza haki. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao wakawachoma moto. Wote wanne walikufa. Malalamiko yoyote waliyokuwa nayo wale wanafunzi, nani angeyasikiliza tena?

5. Iandikwe. Tulipomwendea mwalimu wa zamu alituambia tuvumilie, hata yeye alipitia hayo. (Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wazima wengi, tena kwa fahari, kana kwamba mkanda ndio uliowafaulisha mtihani.) Aliyetusikiliza ni muuguzi wa zahanati ya shule. Alikuwa na daftari la wagonjwa: tarehe, jina, bweni, jeraha. Alitukataza kusema "nilianguka bafuni". Tukasema kweli, naye akaandika vile vile tulivyosema. Kufikia katikati ya muhula, kurasa zilijieleza zenyewe: masikio yaliyovimba na migongo yenye alama za mkanda vilitoka bweni moja, chini ya kiranja mmoja. Mono anayelia mwalimu mkuu aliweza kumpuuza. Daftari la zahanati lilimshinda, hasa mzazi mmoja alipoomba kulisoma. Kiranja alivuliwa cheo wiki hiyo hiyo.

6. Sheria ipo, ila haifiki bwenini yenyewe. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwili au akili. Kuna namba 116 ya kuripoti mateso ya watoto, na simu hiyo haitozwi. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi simu, kwa hiyo namba hiyo ni ya mzazi. Siku ya kutembelea watoto, kabla hujafungua hotpoti la chapati, mtazame mwanao shingoni na mikononi. Muulize analala karibu na nani.

7. Kigumu kuliko vyote ni kusamehe deni. Tulipoingia kidato cha pili, mono wapya walifika na masanduku yao, na swali likazuka usiku ule ule: na zamu yetu je? Tulibishana hadi taa zikazimwa. Mwishowe tukabandika ratiba ya kupiga deki mlangoni, majina yetu yakiwa yamechanganywa na yao. Wenzetu kadhaa walikasirika, wakaomba kuhamia bweni la pili, ambako mono bado walikuwa wakipima sakafu kwa njiti.