Kuzunguka Kilimanjaro kwa baiskeli kutoka Bomang'ombe

Mkitaka kuuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli, anzieni Bomang'ombe na mshike barabara ya Sanya Juu. Kwa upande huo mlima utakuwa kuliani kwenu safari nzima: Ngarenairobi, Kamwanga, Tarakea, Mkuu, Mwika, Marangu, Himo, Moshi, hadi mrudi Bomang'ombe. Ni zaidi ya kilomita 200, na kiongozi wa njia hana alama bora kuliko mlima huo. Msiuchanganye tu na Mlima Meru, utakaouona kushoto mkielekea Sanya Juu.

Tazameni mlima asubuhi na mapema, kwani baadaye mawingu huufunika. Mkikiona kilele cha Mawenzi na meno yake ya mawe kimesimama mbele ya kilele cha Kibo, mmeshafika Rombo, upande wa Tarakea na Mkuu.

Simu ina kazi yake, lakini andikeni majina ya njia panda kwenye karatasi na kuibandika kwenye usukani wa kila mmoja. Kundi hupotezana kwenye njia panda, mara nyingi wenye kasi wanapokata kona bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo anayeongoza asivuke njia panda yoyote kabla ya kumwona wa mwisho, na huyo wa mwisho awe mzoefu, mwenye pampu na viraka. Mimi nalishikilia sharti hili kuliko ramani yoyote.

Mkiuliza njia, salimieni kwanza. Mzee au mama apewe shikamoo yake. Kisha msiulize, "Hii inaenda Tarakea?" Mtu muungwana ataitikia ndiyo hata kama hana hakika. Ulizeni, "Njia hii inatokea wapi?" Mtaelekezwa kwa kupanda na kushuka: juu ni mlimani, chini ni tambarare.

Upande wa Ngarenairobi hadi Kamwanga tembo hupita kati ya Kilimanjaro na Amboseli. Jua lisiwazamie huko. Jazeni maji Sanya Juu, na msiende wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Kutoka Himo mnaingia barabara kuu yenye mabasi na malori. Nendeni mmoja mmoja, kushoto kabisa. Baada ya Moshi kuna mteremko wa Mto Kikafu wenye kona: punguzeni mwendo kabla ya kuanza kushuka, na mwachiane nafasi ya kutosha hadi mvuke daraja.