Duka lina bidhaa 340, programu yangu inaona 10

*Mshauri, shangazi yangu anauza vitenge na mashuka mtandaoni, na duka lake limejengwa kwa WooCommerce. Kila Jumamosi namsaidia kuhesabu mzigo. Nilichoka kunakili kwa mkono, nikaandika programu fupi ya Python iulize API ya duka na kunipa orodha. Bidhaa ziko 340, programu inaleta 10 tu. Fundi wa tovuti anasema seva ndiyo inayobana. Tena nikijumlisha bei napata namba ndefu kuliko ya simu. Msimbo wote uko GitHub, yeyote anaweza kuutazama. Nimekosea wapi?*

*Msaidizi wa Shangazi, Morogoro*

Hizo bidhaa 10 zisubiri kidogo, maana kilichonishtua ni habari ya GitHub. Hukusema kama funguo zimo ndani ya msimbo, lakini programu fupi za namna hii huwa nazo pale juu: mfuatano mmoja wa herufi unaoanza na ck_, mwingine na cs_. Kama zimo, kuzifuta kwenye faili hakusaidii. Git hutunza matoleo ya nyuma, na anayejua kutafuta atayafungua. Ingia leo kwenye mipangilio ya WooCommerce, sehemu ya REST API, uubatilishe ufunguo huo, kisha utengeneze mwingine wenye ruhusa ya kusoma tu. Nakili siri yake papo hapo, kwa sababu huonyeshwa mara moja. Iweke kwenye faili ambalo Git imeamriwa kulipuuza, na uite duka kwa https peke yake.

Usiseme ni vitenge tu, nani atavitaka. Ufunguo wa kuandika unamwezesha mtu kushusha bei ya doti hadi shilingi moja. Hata ule wa kusoma hufungua oda, na ndani ya oda mna majina ya wateja, simu zao na mahali wanapokaa. Mwambie shangazi. Duka ni lake, na wateja ni wake.

Sasa tuje kwenye zile 10. Fundi ameionea seva. WooCommerce isipoambiwa idadi, hutoa bidhaa 10 kwa ukurasa. Ongeza per_page=100 kwenye ombi lako; hapo ndipo mwisho wake, na ukiomba 500 utajibiwa kosa namba 400. Kwa hiyo bidhaa 340 ni kurasa nne, nawe utazipitia kwa page=1, page=2 na kuendelea. Ila usiandike hiyo nne ndani ya programu, mzigo mpya utaingia. Kila jibu huja na vichwa vyake, na humo mna X-WP-Total, yaani jumla ya bidhaa, na X-WP-TotalPages, yaani idadi ya kurasa. Ukitumia maktaba ya requests utavikuta kwenye jibu.headers. Seva ilikuwa inakwambia 340 tangu siku ya kwanza, wewe ukachukua JSON na kutupa bahasha.

Ongeza pia orderby=id na order=asc. Kwa kawaida orodha huanza na bidhaa mpya kabisa. Shangazi akipandisha kitenge wakati programu iko kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili, bidhaa zote husogea nafasi moja, nawe utahesabu moja mara mbili.

Bei ni jambo dogo. WooCommerce huileta kama maandishi, si namba, na Python ikijumlisha "18000" na "25000" huyabandika yakawa "1800025000". Nadhani ulianza jumla yako kwa maandishi matupu ili Python iache kulalamika; lalamiko lile lilikuwa la haki. Geuza kila bei kwa Decimal, na uruke bidhaa ambayo haijapangiwa bei, kwani yake huja tupu.

Kuna jambo hukuuliza, nalo litakusumbua zaidi Jumamosi ijayo. Shuka lenye rangi tano linaweza kuwa bidhaa moja yenye matoleo matano, na akiba ikawekwa kwenye kila toleo. Orodha kuu haitakuonyesha mgawanyo huo. Lazima uulize tena, products/namba ya bidhaa/variations, na huko nako kuna kurasa za kumi kumi. Kisha tazama stock_quantity. Ikiwa shangazi hajawasha usimamizi wa akiba kwa bidhaa fulani, Python itakuonyesha None. Usiigeuze kuwa sifuri, utamfanya aagize mashuka ambayo yamejaa stoo. Ziandike bidhaa hizo pembeni, mkazihesabu kwa mkono.