Bruda ya Kujitengenezea: Namna ya Kulea Vifaranga Wasio na Mama

Katika nyanda za juu za Njombe, usiku wa mwezi Juni au Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Kuku mkubwa hulala juu ya kichanja chake bila taabu. Kifaranga wa siku moja, akiachwa peke yake katika banda hilo hilo, huweza kufa kabla ya mapambazuko. Kwa nini baridi imwue mmoja na kumwacha mwingine? Jibu la swali hili ndilo msingi wa kutengeneza bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga wasio na mama wa kuwafunika.

Kifaranga na joto la mwili

Joto la mwili wa kuku mkubwa ni kiasi cha nyuzi 41. Kifaranga aliyeanguliwa hawezi bado kulihifadhi joto kama hilo, kwa sababu tatu. Kwanza, amevikwa manyoya mororo tu, ambayo yakilowa hayazuii baridi. Pili, uwezo wa mwili wake wa kurekebisha joto haujakomaa. Tatu, yeye ni mdogo.

Sababu hii ya tatu huelezwa na hesabu. Mchemraba wenye upande wa sentimita 4 una eneo la nje la sentimita za mraba 96 na ujazo wa sentimita za ujazo 64. Uwiano wake ni 1.5. Mchemraba wenye upande wa sentimita 12 una eneo la 864 na ujazo wa 1728; uwiano wake ni 0.5. Joto hutengenezwa ndani ya mwili na kupotea kupitia ngozi. Kwa hiyo mwili mdogo, ukilinganishwa na ukubwa wake, hupoteza joto upesi zaidi.

Matengenezo

Kwa vifaranga 50, utepe wa kadibodi ngumu au jamvi wenye urefu wa mita 4 na kimo cha sentimita 45 hutosha. Ncha zake hupishanishwa kidogo na kushonwa, ili lipatikane duara lenye kipenyo cha mita 1.2 hivi. Umbo la duara lina maana yake: vifaranga wakishikwa na baridi au hofu hukimbilia pembeni, na penye kona hupandana hadi walio chini wakakosa pumzi.

Sakafuni hutandazwa maranda makavu au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 5. Karatasi laini peke yake haifai, kwa kuwa huteleza na kulemaza miguu. Katikati huwekwa taa ya chemli juu ya matofali, maranda yakiondolewa kuizunguka, kisha huzingirwa na wavu wa waya ili kifaranga asiiguse. Hewa yenye joto hupanda juu. Kwa hiyo bati lililokunjwa mfano wa mwavuli huning'inizwa juu ya taa, mbali na moto, ili lirudishe joto chini. Penye umeme, balbu huweza kutumika badala ya taa.

Maji huwekwa katika chombo kipana kisicho na kina, chenye kokoto safi ndani, ili vifaranga wanywe bila kuzama wala kulowa. Taa huwashwa saa kadhaa kabla vifaranga hawajaingizwa, maana maranda baridi hunyonya joto la miguu yao.

Joto lisizuie hewa

Wengi, kwa kuogopa baridi, huziba kila tundu la chumba na kuwasha jiko la mkaa. Hapo ndipo hatari kubwa huzaliwa. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu na kuzuia oksijeni isichukuliwe. Huua vifaranga, na huua watu pia. Chumba cha bruda sharti kiwe na matundu ya hewa karibu na dari, na mtu yeyote asilale humo.

Vifaranga ndio kipimajoto

Katika juma la kwanza joto karibu na taa, likipimwa kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, liwe kiasi cha nyuzi 33. Kisha hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila juma, hata kufikia 21 katika juma la tano, manyoya yakiwa yameota. Asiye na kipimajoto na awatazame vifaranga wenyewe:

1. Wakisongamana kwenye taa na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi.
2. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yakining'inia, joto limezidi.
3. Wakijikusanya upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili.
4. Wakitawanyika pote, wakila na kulala kwa utulivu, hali ni njema.

Ndiyo maana bruda njema haina joto la namna moja kila mahali. Katikati huwa moto, ukingoni baridi kiasi, na kifaranga hujichagulia pamfaapo, kama vile angeingia na kutoka chini ya mbawa za mama yake.

Jaribio na maswali

Jaza maji ya nyuzi 60 katika makopo mawili ya bati yenye umbo moja, moja dogo na jingine kubwa. Pima joto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa, kisha chora grafu.

1. Kopo lipi limepoa upesi zaidi, na kwa nini?
2. Lifunike kopo dogo kwa pamba kavu, kisha kwa pamba iliyolowa. Matokeo yanafundisha nini juu ya kifaranga aliyelowa?
3. Kwa nini vifaranga 50 waliokaribiana huhitaji joto dogo la nje kuliko kifaranga mmoja aliye peke yake?