Sukari na kinga ya mwili: zile saa tano zimetoka wapi?

Msimu wa mafua ukifika, simu hujaa ujumbe kwamba ukila sukari kinga ya mwili hulala kwa saa tano. Saa hizo hazikuokotwa barabarani. Zimetoka kwenye utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973, na ninashuku wengi wanaousambaza ujumbe huo hawajausoma utafiti wenyewe.

Watu wazima wenye afya walipewa gramu 100 za sukari kwa mkupuo mmoja. Hivyo ni vijiko vya chai kama 25, au soda tatu za mililita 300. Wakatolewa damu, na chembe zao nyeupe zikachanganywa na bakteria maabarani. Kila chembe ilimeza bakteria wachache kuliko awali, hasa katika saa mbili za mwanzo, na hata saa ya tano ilikuwa haijarejea kikamilifu. Lakini chembe zenyewe hazikupungua, na utafiti haukupima kama waliopewa sukari waliugua zaidi ya wengine. Tena asali na maji ya machungwa vilitoa matokeo yaleyale, ilhali ujumbe wenyewe mara nyingi humalizia kwa kutusihi tunywe asali!

Kwa hiyo ukiletewa dai la namna hii, uliza: kiasi gani, kwa nani, na je, kuna aliyeugua?

Penye hatari ya kweli ni kisukari kisichodhibitiwa. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa wiki na miezi, chembe nyeupe hudhoofika, vidonda huchelewa kupona, na uwezekano wa kuugua kifua kikuu huongezeka mara mbili hadi tatu. Chai ya asubuhi ya mtu mwenye afya ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe takribani gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, ila sababu yake ni uzito na meno.

Hofu hii ya sukari hudhuru zaidi pale mzazi anapomnyima mtoto anayeharisha maji ya ORS kwa kuwa yana sukari. Glukosi iliyomo ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, wala usiongeze sukari ili yakolee: ikizidi, huvuta maji utumboni na kuharisha huzidi.