Mtu Kujua Uzeeni Kuwa Jina la Ukoo Wake Silo Analoitwa

 

Miongoni mwa mambo yanayowasibu watu wetu wanaoishi Doha na miji mingine ya Ghuba ni mtu kufikia umri wa mvi, kisha akaonyeshwa karatasi inayomwambia kuwa jina la ukoo analojulikana nalo maisha yake yote silo lake. Jambo hili lina sura mbili, na hukumu zake ni mbalimbali, basi zisichanganywe.

Sura ya kwanza ni nyepesi. Unguja na Pemba aghlabu huandikwa jina la mtu, la baba yake na la babu yake, na kabila huachwa katika vinywa vya watu. Mtu akichukua pasi, neno la mwisho likahesabiwa kuwa ndilo la ukoo, nalo ni jina la babu tu. Ndugu yake aliyerejea Oman baada ya mwaka 1970 akaandikwa kwa kabila. Watoto wa baba mmoja, karatasi mbili. Hapana uongo hapa. Sheikh Nasir bin Salim, maarufu kwa Abu Muslim, aliyekuwa kadhi Unguja na kuanzisha gazeti la An-Najah mwaka 1911, huitwa Al-Bahlani na huitwa Ar-Rawahi. Hamed bin Muhammed Al-Murjebi dunia inamjua kwa lakabu ya Tippu Tip. Hakuna kati yao aliyebadilisha baba. Aliye katika hali hii atafute ushahidi kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja, auweke pamoja na wasia wake, kwani watakaotaabika ni warithi.

Sura ya pili ndiyo nzito. Tuseme mtoto amezaliwa Pemba, baba yake akafa angali mchanga, na mama akaolewa na mtu wa kabila jingine. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, baba wa kambo akawavusha bahari, na mtoto akaandikwa katika pasi yake kama mwanawe, kwani njia ilikuwa hiyo au kubaki nyuma. Akakulia Doha, akaajiriwa, akaoa, akaozesha binti zake watatu, akastaafu. Siku moja inamfikia barua ya mtoto wa kaka yake aliyebaki Pemba kwa bibi. Shamba la mikarafuu la baba yao halijagawiwa mpaka leo, naye ana fungu lake. Na ndani ya barua mna nakala ya cheti cha kuzaliwa, chenye jina la baba asiyemjua.

Jambo la mwanzo litakalomtia hofu ni kemeo la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake. Lakini kemeo hilo limefungwa na sharti: naye anajua. Na katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na papo hapo akaondoa lawama kwa lililofanywa kwa kukosea, isipokuwa lile ambalo nyoyo zimelikusudia. Kwa aya hiyo Zaid aliyekuwa akiitwa bin Muhammad alirejea kuitwa Zaid bin Haritha. Basi miaka iliyopita haina dhambi juu ya mzee huyu. Udhuru wake umekwisha siku aliyosoma karatasi.

Je, ni lazima jina la zamani lifutike katika ndimi za watu? La. Al-Miqdad (R.A.) ni mtoto wa Amr, akalelewa na Al-Aswad bin Abd Yaghuth, na hata baada ya aya kuteremka watu waliendelea kumwita Ibn Al-Aswad kwa umaarufu tu. Lisilojuzu ni yeye mwenyewe kudai nasaba hiyo, au kuwaficha watoto wake. Karatasi za serikali naye aombe zisahihishwe, kwa cheti na kwa hukumu ya mahkama ya kuthibitisha nasaba. Wapo wanaochelea kuwa kufungua jambo hili kutawatia mashakani katika ukaazi wao au wa watoto wao, na si haki kuwacheka, kwani hofu hiyo ina msingi. Mtu kama huyo aanze kwa kuandika ukweli mbele ya mashahidi wawili waadilifu, kisha atake ushauri wa mjuzi wa kanuni za nchi kabla ya kupeleka maombi.

Wengine kinachowazuia ni kiburi: wanaona haya kutoka katika kabila kubwa kwenda dogo. Hao wakumbuke kuwa Imam Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima (R.A.) aliitwa At-Tamimi kwa wala, si kwa damu, na wanafunzi wake ndio walioichukua elimu Oman, Hadhramaut na Maghrib.

Ndoa za binti zake ni sahihi. Aliyewaozesha ni baba yao khasa, na mume na mke walijulikana. Lakini binti za baba wa kambo waliozaliwa na mke mwingine si maharimu zake, ingawa amekua akiwaita dada, ila ikithibiti kunyonya. Ama watoto wa mama yake, hao ni ndugu zake kwa yakini.

Katika mali ndipo penye uzito. Ikiwa baba wa kambo alikufa, naye akapewa fungu la mtoto wa kiume, mali ile ni ya warithi. Airejeshe, au wao wamhalalishie kwa radhi zao wakiwa watu wazima. Alichorithi kwa mama yake ni halali yake.

Na yeye akifa? Tuchukulie kuwa ameacha mke na binti watatu, na wazee wake wote wametangulia. Urithi hugawiwa mafungu 24: mke 3, ambayo ni thumuni; binti 16, ambayo ni thuluthi mbili; na 5 zilizobaki ni za asaba. Kwa karatasi za Doha, asaba ni wale vijana wa baba wa kambo. Kwa hakika wao ni ndugu wa mama, na ndugu wa mama hawarithi palipo na mtoto. Mwenye fungu 5 ni yule mtoto wa kaka wa Pemba. Akiichana barua ile, hakuna atakayejua hapa Doha, na mali itakwenda isipostahiki.

Huenda akasema: wale nimekula nao sahani moja, na baba yao ndiye aliyenivusha. Mlango wao uko wazi. Kwa kuwa si warithi, anaweza kuwausia mpaka thuluthi moja ya mali yake, nayo hutolewa kabla ya mafungu 24 kuhesabiwa. Na kwa Ibadhi, wasia kwa jamaa wa karibu wasiorithi ni wajibu, na ndugu wa mama mmoja ni katika jamaa hao. Basi na auandike angali hai, kwa majina yake yote mawili.