Maikrofoni ipi kwa sauti za kike?

*Mimi na dada yangu tunaimba injili kwa Kikamba. Tunarekodi kwenye chumba cha mabati. Tununue maikrofoni gani ya bei nafuu?*
*Mwimbaji, Wote, Makueni*

Msihofu; chumba ndicho kinachoamua, si bei. Maikrofoni ya kondensa hunasa uzuri wote wa sauti ya kike, lakini pia mwangwi wa mabati na bodaboda za nje, tena huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa cha kurekodia. Kwenu inafaa ya dainamiki, kama Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966. Tundikeni mablanketi nyuma ya mwimbaji. Asimame sentimita 10 hivi kutoka kwenye maikrofoni, akiielekeza kando kidogo ya mdomo ili herufi “s” isichome. Ijaribuni kabla ya kulipa. Ikikwaruza hata mkiimba kwa sauti ya chini, fundi akague nyaya.